Mnatuletea baskeli, funguo zake mnaziacha wapi?

Ndugu Mhariri, Assalaam alaykum.

Naomba nafasi katika gazeti lako, na naomba isiwe ndogo, kwani jambo nililonalo lina nati nyingi.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, alinijia mzee mmoja wa upande wa Konde hapa ninapofanyia kazi, chini ya mwembe, Mtemani, Wete. Alikuja na gari ya abiria, baskeli imefungwa juu ya paa, na mkononi ana kikapu cha ukili. Nikadhani kaniletea mihogo. Akatia mkono kikapuni, akatoa mkono wa pedeli, ule wa kushoto, na pedeli yake bado imo, akauweka juu ya benchi langu kama mtu anayeweka samaki mnadani.

"Fundi," akanambia, "hii mara ya tatu unamdondokea mtoto njiani. Ukishindwa na wewe, mie naitupa."

Baskeli yenyewe ni mtumba wa Kijapani, ya kike, ina kapu mbele, tairi nzima, breki zinashika, na taa yake inawaka ukizungusha gurudumu. Aliinunua miezi miwili nyuma kwa ajili ya binti yake, maana skuli ni mbali na gari za asubuhi zinawapita wanafunzi zikiwa zimejaa. Nikamuuliza nani aliufungua mkono huu mara ya kwanza. Akasema kuna fundi alimwambia ekseli inacheza, akautoa kwa nyundo na kipande cha nondo, kisha akaurudishia kwa nyundo ile ile.

Nikatia kidole katika tundu. Kiwandani tundu hilo linatoka la mraba, pembe nne kali, ndilo linalokaa juu ya ncha ya ekseli ambayo nayo ni ya mraba. Hili pembe zake zimelika, limekuwa duara kama tundu la kinu. Aluminiamu ikishalika hivyo hairudi. Utaikaza leo mpaka jasho likutoke, keshokutwa inacheza, na kila inapocheza inazidi kujichimba.

Yule fundi simlaumu sana, na nitaeleza kwa nini. Lawama yangu ni kwa wanaotuletea makontena. Lakini kwanza niseme mimi nimetoka wapi katika kazi hii, asije msomaji akadhani namsema mwenzangu kama mtu aliyezaliwa na spana mkononi.

Nilianza kwa ami yangu mwaka 1976, nikiwa na miaka 14. Baskeli zilizokuwa zikija kwake zilikuwa za namna chache: Raleigh za Kiingereza, Phoenix za Kichina, na nyengine za Kihindi. Zote zilikuwa nzito, zote za chuma, na zote mikono yake ya pedeli ilikuwa ya kufungwa kwa kotapini, kipini cha chuma cha kupigiliwa. Vifaa vya ami vilienea katika debe moja. Siku moja alikwenda kusali adhuhuri akaniachia Raleigh nyeusi ya mwalimu mmoja, akanambia nifungue kitovu. Kitovu ndivyo alivyokuwa akiliita lile bomba fupi la chini ya fremu, pale zinapokutana bomba nne na ekseli ya pedeli ikapita katikati. Jina hilo sijalisikia kwa fundi mwengine, lakini mie nimelirithi na sina nia ya kuliacha.

Kila upande wa kitovu una kikombe cha chuma kinachoshika gololi. Cha kushoto nilikitoa. Nikahamia cha kulia, upande wa mnyororo. Nikatia tindo, nikapiga nyundo kuelekea kushoto, kama ninavyofungua nati zote za dunia. Hakikwenda. Nikapiga zaidi. Ami aliporudi alikuta zile bapa za kushikia spana zimemomonyoka zote, kikombe kinang'ara, na mie nimeroa jasho. Hakunipiga. Alikaa juu ya debe, akanyamaza, na kunyamaza kwa ami kulikuwa kuzito kuliko bakora.

Kisha akaokota kijiti cha mkarafuu urefu wa penseli, akakipaka masizi ubavu mmoja, akanambia nikishike ndani ya ngumi bila kukibana. Akaweka kidole kwenye ncha ya juu, akawa anaisukuma ncha hiyo kwa duara kwenda kulia, kama anakoroga uji. "Tazama masizi," akasema. Nikatazama. Ncha inakwenda kulia, lakini kijiti chenyewe kinajizungusha ndani ya ngumi yangu kwenda kushoto, pole pole, bila mtu kukigusa. Kinabingirika.

"Basi na kikombe cha kulia ndivyo kinavyofanya," akasema. "Uzito wa mpanda baskeli unazunguka kila anapokanyaga, na kikombe kinajibingirisha kinyume, kidogo kidogo, ndani ya fremu. Wangekitia hesi, ile mikato ya kuzungukia, ya kawaida, kingejifungua chenyewe kabla hujafika Chake. Ndiyo maana wakakitia hesi ya kinyume." Upande wa kulia, Mhariri, unafungua kwa kwenda kulia. Nusu ya vikombe vilivyoharibiwa katika kisiwa hiki viliharibiwa na watu wasiojua sentensi hiyo moja tu. (Hiyo nusu ni ya macho yangu, si hesabu ya serikali.)

Hapa vijana huwa wananibishia. Wananambia: fundi, mbona pedeli ya kulia ina hesi ya kawaida na ya kushoto ndiyo ya kinyume? Ikiwa sababu ni moja, iweje majibu yawe mawili? Ni swali zuri, na mie lilinisumbua kwa miaka. Jibu nililipata nikiwa nimekaa nacheza na kijiti kile kile. Kwenye kitovu, kikombe kimekaa tuli na fremu, uzito ndio unaozunguka. Kwenye pedeli, uzito unabaki unasukuma chini siku zote, na mkono ndio unaozunguka. Jifanye mdudu umekaa juu ya mkono wa pedeli: utauona uzito unakupita kwa kurudi nyuma. Duara limegeuka, basi na kubingirika kumegeuka. Ukilishika hilo huhitaji tena kukariri upande gani ni upi. Nakuomba, Mhariri, kama lazima ukate barua hii, usikate hapa.

Kwa wanaopenda majina, hesi hiyo inaitwa BSA, kwa herufi za kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki. Ni hesi 24 katika inchi moja. Raleigh za zamani walijitia ukaidi, wakakata 26. Kwa hivyo kikombe cha Phoenix kinaanza kuingia katika Raleigh, kinakwenda mizunguko miwili, kisha kinakwama; anayeendelea kulazimisha anaiharibu fremu kabisa. Na baskeli za mbio za Kitaliano, hizo pande zote mbili hesi ni za kawaida. Nimeiona moja tu maishani mwangu, na mwenyewe alikuwa kaipata kwa mgeni aliyekuwa akihama.

Sasa kitovu cha zamani kinafungwaje? Nitasema, kwa kuwa baskeli hizi bado ndizo zinazobeba karafuu na makonyo (vile vijiti vya karafuu) mashamba, na ndizo zinazoshuka pwani kuchukua samaki.

Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma. Tazama mgongo wa ekseli pale gololi zinapopita, na tazama ndani ya vikombe. Ukiona vishimo, hata vidogo kama vya sindano, badilisha. Grisi haizibi kishimo. Gololi badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu, kwani kuukuu zimeshapungua na mzigo wote utabebwa na mpya. Kila upande unakula gololi 11 za robo inchi. Utaona pengo limebaki, na moyo utakutuma utie ya 12. Usitie. Pengo hilo ni nafasi ya kupumua. Ukilijaza, gololi zitasagana zenyewe kwa zenyewe. Paka grisi ya kutosha ndani ya kikombe, zibandike gololi humo, hazitaanguka. Kisha ekseli: ncha moja ni ndefu kuliko nyengine, na ile ndefu inakwenda upande wa mnyororo. Ukiigeuza, duara la mnyororo litakwaruza fremu.

Kikombe cha kulia kikaze mpaka mwisho, hicho si cha kurekebisha. Marekebisho yote yako kushoto. Kiingize cha kushoto kwa mkono mpaka uhisi ekseli inaanza kuwa nzito, kisha kirudishe kidogo sana. Zungusha ekseli kwa vidole viwili, kabla hujatia mikono ya pedeli. Inatakiwa iende laini kama shanga ya tasbihi chini ya kidole, isiwe na mkwaruzo na isitingishike. Hapo ndipo pete ya kufungia inapoingia, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri, maana pete ukiikaza inakivuta na kikombe. Ulikuwa umepima vizuri, ukimaliza kukaza imebana. Kishike kikombe kwa spana ya pini mbili wakati unakaza pete. Kama huna spana hiyo, kiache kimelegea unywele mmoja, pete itakimalizia. Mie huwa narudia mara tatu, nne. Mteja anaguna, namwagizia kahawa.

Kotapini ndiyo yenye kesi nyingi. Ni kipini cha chuma, ubavu mmoja una bapa la mshazari, mwisho kina hesi na nati. Bapa hilo ndilo linaloubana mkono juu ya ekseli. Pini mbili lazima ziingie kwa pande zinazopingana: ukilaza mikono ya pedeli sawa na ardhi, nati ya mmoja itazame juu na ya mwengine chini. Zikiingia upande mmoja, mikono haitakaa mstari mmoja na mpandaji atakanyaga kama mtu mwenye mguu mfupi. Pini mpya mara nyingi inataka tupa kidogo ili izame inavyopaswa. Piga tupa bapa tu, lisawazike, usilifanye la mviringo.

Halafu ndiyo nyundo. Ndiyo, Mhariri, nyundo inaingia hapa, nami sijaikataa. Lakini chini ya mkono wa pedeli, pale pale penye tundu la pini, simamisha kipande cha bomba la chuma kilichokita ardhini, pini ipite katikati yake. Pigo liende ardhini. Ukipiga bila kuegemeza, pigo linakwenda kwenye gololi, gololi zinachimba kikombe, na kazi yote uliyoifanya kwa saa nzima umeiua kwa mapigo matatu. Na nati isitumike kuivuta pini. Nati inaishika tu baada ya nyundo kuiketisha. Ukiivuta kwa nati utakata hesi.

Baada ya siku mbili tatu za kupandwa, pini inajiketisha zaidi na nati inalegea. Lazima baskeli irudi. Mwaka mmoja, msimu wa karafuu umepamba moto, nilimfungia kijana mmoja pini mpya nikamwambia arudi keshokutwa. Hakurudi, alikuwa anakimbizana na magunia. Siku ya tano alirudi na goti limefungwa kitambaa: mkono ulizunguka juu ya ekseli akiwa mtelemkoni na gunia la makonyo nyuma. Tangu hapo nusu ya malipo naipokea mteja anaporudi mara ya pili. Watu wameniita bahili kwa hilo, na wapo waliohamia kwa fundi mwengine.

Hiyo ndiyo elimu tuliyokuwa nayo. Imetutosha miaka mingi. Kisha yakaja makontena.

Sisemi mitumba ni mibaya. Baskeli nyingi zinazoshushwa bandari ya Malindi, Unguja, na kuvushwa kuja huku kwetu ni nzuri kuliko mpya zilizomo madukani. Lakini kitovu chake ni mlango mwengine. Kotapini hamna. Mkono wa pedeli umekaa juu ya ncha ya mraba inayokwenda ikinenepa, na umebanwa na nati au boliti moja katikati, mara nyingi chini ya kifuniko cha plastiki. Gololi nazo huzioni, katika nyingi zimo ndani ya mkebe mmoja uliofungwa kiwandani, unaotoka mzima mzima. Mkono huo hautolewi kwa nyundo. Mzunguko wa tundu lake kwa nje una hesi ya milimita 22, na kazi ya hesi hiyo ni moja tu: kupokea pula.

Pula ni kidude kinachoingia katika mfuko wa shati. Unatoa boliti, na washa yake pia, usiisahau ndani. Unaingiza pula kwa mkono mpaka hesi zote ziingie. Ukiingiza nusu, utazing'oa hesi za aluminiamu kama unavyomenya ndizi. Kisha unakaza msumari wake wa kati, unasukuma ekseli, na mkono unatoka wenyewe, "tak," hauna hata alama. Dakika mbili. Binti yangu anayekaa Unguja ndiye aliyeniletea changu. Kabla ya hapo, nakiri, na mie nilikuwa nikipiga. Nimeshapinda duara la mnyororo la baskeli ya muuguzi mmoja, na nililipa.

Ndiyo maana nikasema yule fundi simlaumu sana. Amepewa kufuli hakupewa ufunguo, atafanya nini? Mwaka juzi nilipokwenda Unguja nilimuuliza mfanyabiashara mmoja wa baskeli, nikamwambia: ndugu yangu, katika kontena zima hukuweza kutia pula hata kumi? Akanijibu huku anahesabu fedha zake: "Fundi, mie nauza baskeli, siuzi spana. Nyundo si unayo?"

Jina lake nalihifadhi. Lakini jibu lake ndilo lililokuwa ndani ya kikapu cha ukili Ijumaa iliyopita.

Kwa mafundi wenzangu ambao pula hawana, kuna hila moja. Toa boliti, mpande baskeli taratibu mahali pasipo gari, zunguka uwanjani. Mkono utalegea wenyewe baada ya muda na utautoa kwa vidole. Ni hila ya mkono ambao tayari hesi zake zimeng'oka, au unaokusudia kuutupa, kwa kuwa kila mzunguko unakula pembe za tundu. Mkono mzima usiufanyie hivyo.

Na wakati wa kurudishia, kaza kweli. Viwanda vingi vinaandika Nyutoni-mita 35 hadi 50 kwa boliti hiyo. Sisi huku hatuna spana za kupimia, basi mie nimejitafsiria hivi: shika spana yenye urefu wa sentimita 25, vuta mwisho wake kwa nguvu unayoitumia kuinua ndoo yenye lita 16 za maji. Hapo uko karibu na 40. Watu wengi wanakaza kwa nguvu ya kikombe cha chai, wanaogopa aluminiamu, kumbe kulegea ndiko kunakoiua. Mie kwenye mraba sipaki grisi. Wapo mafundi wazuri wanaopaka, tumeshabishana sana barazani na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Kwenye hesi za boliti napaka. Na baada ya siku mbili, rudi ukazwe tena, kama kotapini.

Kitu chengine ambacho wauzaji hawakisemi: mikebe hiyo haina urefu mmoja. Ipo yenye ekseli ya milimita 113, ipo ya 122, na mingi katikati na pembeni yake. Kijana ananunua wowote alioukuta, anaufunga, duara la mnyororo linakwaruza fremu au mnyororo unakwenda upogo na kuruka. Pima ekseli ya zamani kutoka ncha hadi ncha kabla hujatoa fedha. Pima na upana wa kitovu pia. Mara nyingi ni milimita 68, lakini si mara zote.

Miaka michache nyuma walipita hapa Mholanzi na mkewe, wanakwenda kuutazama Msitu wa Ngezi kwa baskeli zao walizokuja nazo. Ya mume ilikuwa inalia "tik" kila anapokanyaga. Nilipoinama kutazama nikastaajabu: vikombe viko nje ya fremu, ekseli ni bomba tupu nene ya milimita 24 iliyoshikana moja kwa moja na mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umebanwa na boliti mbili ndogo kama bangili. Kuna kifuniko cha plastiki cha kuondolea mtikisiko, na mkewe akanionya kwa ishara nisikikaze kwa nguvu, vidole viwili tu. Boliti moja kati ya zile mbili ilikuwa imelegea. Tulizikaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, mpaka zikalingana, na mlio ukaondoka. Sikuwatoza kitu. Lililonibaki kichwani ni kwamba funguo zao zote, za baskeli mbili, zilikuwa ndani ya soksi moja. Watu wametoka Ulaya wamekumbuka soksi. Kontena la futi 40 limesahau.

Niongeze na la maji, kwa haraka. Kitovu hakifi kwa kukanyagwa peke yake. Mvua inaingia kwa juu, kupitia bomba la kiti, inateremka na kulala humo chini. Wavuvi ndio kabisa, wanaingiza baskeli mpaka maji ya bahari yafike pedeli ili wasibebe matenga mbali. Ikitokea hivyo, mwagia maji ya kisima jioni ile ile, na angalia kama chini ya kitovu kuna kitundu cha kutolea maji. Kama kipo, kizibue kwa mwiba. Wanaoosha kwa pampu wasielekeze mpira pale. Ya wavuvi naifungua kila baada ya miezi mitatu, nao wameshazoea.

Ombi langu kwa waingizaji ni hili, na si kubwa. Kila kontena lije na pula na spana za kikombe, ziuzwe tu, hatutaki bure, mafundi tutanunua. Ije na mikebe ya akiba yenye urefu ulioandikwa. Na ije na mikono ya kushoto peke yake, kwa kuwa ndiyo inayodondoka zaidi, na leo hii ukitaka mmoja lazima uue baskeli nyengine. Na kwa mafundi wa Wete, Chake, Mkoani na mashamba: pula langu linaazimwa, bila malipo, kwa sharti moja kwamba lilale kwangu. Limeshalala nje mara moja na sikupata usingizi.

Ile baskeli ya binti wa Konde nimeifunga. Nilitafuta katika chuma chakavu changu nikapata mkono wa kushoto wa chuma, tundu lake zima, pembe zinauma kidole. Tatizo ni kwamba wa kulia una milimita 165 na huu niliopata una 170. Nimemweleza baba yake, akacheka, akasema mtoto mwenyewe ana haraka, hatojua. Nimemuomba airudishe Jumatano ili niikaze tena, na nusu ya fedha zangu bado iko kwake.

Wako,
Fundi wa chini ya mwembe,
Mtemani, Wete, Pemba.